Walioshindwa Wakawa Wajaluo: Mafunzo Niliyopata Kando ya Ziwa

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya anajua kueleza safari ya Wajaluo bila kusitasita. Walitoka Bahr el Ghazal huko Sudan Kusini, wakafuata Mto Nile hadi Pubungu, karibu na Pakwach nchini Uganda, wakasonga mashariki, na kufikia karne ya 16 kundi la Joka-Jok lilikuwa limetua Got Ramogi, Yimbo, katika Kaunti ya Siaya ya leo. Wakafuata Joka-Owiny na Joka-Omolo. Mwanafunzi anataja sababu za kuhama, anapata alama zake, anafunga kitabu. Nimelifundisha somo hilo hapa Kisumu na kusahihisha majibu hayo, na kila mara kuna swali ambalo mtihani hauliulizi: Wajaluo walipofika walimkuta nani, na huyo waliyemkuta yuko wapi leo?

Kwangu swali hili ni la damu. Ukoo wa baba yangu ni wa Mfangano, kisiwa cha Abasuba, Wabantu ambao baadhi yao husimulia kwamba babu zao walivuka ziwa kwa mitumbwi wakitoroka Buganda mwishoni mwa karne ya 18, baada ya Kabaka Junju kuuawa. Lakini nyumbani kwetu Kisumu tuliongea Dholuo, tukaoa na kuzika kwa desturi za Kijaluo, na tulipoulizwa kabila tulijibu bila kufikiri: Wajaluo. Tangu nianze kuuliza, nimekaa na wazee wa Mfangano, Rusinga, Gwassi na Yimbo, nimesoma Bethwell Ogot, William Ochieng' na Henry Ayot, na nimezunguka magofu ya mawe upande wa Migori. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Hakuna mshindi aliyekuta nchi tupu

Ukishuka kwenye boti Sena, Mfangano, ukapanda mlima, unafika mahali paitwapo Kwitone. Pale mwamba umechomoza juu ya kichwa chako, na ukutani kuna michoro: duara ndani ya duara, miale inayotoka katikati, rangi nyekundu na nyeupe iliyofifia lakini bado inasomeka. Mingine iko katika pango la Mawanga, kisiwani humo humo. Ni kazi ya wawindaji wa kale sana, watu ambao simulizi za kisiwani huwaita Watwa. Mfangano ya leo haina hata familia moja inayojiita ya Watwa.

Mzee aliyenipeleka alivua kofia kabla hatujaingia chini ya mwamba. "Mwalimu," akaniambia, "hapa tunaongea polepole." Abasuba walipoikuta michoro hawakuifuta, walipafanya mahali pa kuombea mvua, na heshima ile imedumu hata kwa wazee ambao Jumamosi au Jumapili hawakosi kanisani.

Nililitafakari jambo hilo nikishuka mlima. Abasuba ninaotaka wakumbukwe walirithi kisiwa kutoka kwa watu ambao hakuna tena wa kuwakumbuka. Hilo halipunguzi haki yao hata kidogo, ila tangu siku ile sisemi tena "wenyeji wa asili" kwa wepesi. Nasema waliotangulia.

2. Mkuki ulianza kazi, ardhi ikaimaliza

Simulizi hupenda vita. Kila mtoto wa Kano anamjua Luanda Magere wa Sidho, shujaa ambaye mkuki haukuweza kumtoboa mwili mpaka adui alipojua siri ya kivuli chake, na jiwe linalosemwa kuwa ndiye mwenyewe linaheshimiwa hadi leo. Vita vilikuwapo kweli. Yimbo yenyewe ilikuwa na koo za Kibantu kabla ya Wajaluo wa Kadimo kuingia na kuishika nchi, kisa ambacho Ochieng' alikiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Lakini nilipowauliza wazee maisha yalikuwaje baada ya vita, hakuna aliyenijibu habari za mikuki. Wote walinijibu habari za mashamba.

Kwa Wajaluo, ardhi ilikuwa ya ukoo. Wenye nchi waliitwa weg lowo. Mtu aliyekaribishwa juu ya ardhi yao aliitwa jadak, na wakiwa wengi, jodak. Jadak alipewa mahali pa kujenga na pa kulima, naye akalipa kwa utii: kwenda vitani na waliomkaribisha, kuwasaidia kazi, kunyamaza katika baraza la ukoo. Akikosana nao, aliweza kuambiwa afungashe. Kwa mgeni halisi, mkimbizi wa njaa au wa ugomvi, mpango huu ulikuwa wa huruma; umewaokoa watu wengi. Uchungu wake uliwapata wale waliokuwa wa kwanza kufika. Ukoo uliokuwa umekaa mahali kwa vizazi, ukashindwa, ukachagua kubaki, uliamka na kukuta ni mgeni juu ya makaburi ya babu zake.

Njia ya kutoka katika hali hiyo ilikuwa moja, nayo ni kuwa Mjaluo. Unaoa kwao na kuwaoza kwako. Unawapa watoto majina yao. Unajifunza kuhesabu nasaba hadi ufike kwa babu yao Ramogi. Vizazi vikipita, watoto wa mwenye nchi na watoto wa jadak wanacheza pamoja na hakuna anayeuliza. Hakuna mfalme aliyetoa amri, hakuna siku moja ambayo mtu angeiita siku ya kutekwa. Watu walibadilika kwa sababu kubaki kama walivyo kuliwagharimu kila msimu wa kulima.

Ila ardhi ina kumbukumbu ndefu. Mzee mmoja wa Yimbo, wa ukoo uliopokewa zamani sana, alinieleza hivi tukiwa tumeketi karibu na ua wake wa minyaa: "Tukiwa matangani mimi ni ndugu. Ng'ombe wangu akiingia kwenye mahindi yao, mimi ni jadak." Serikali ilipoleta sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi, kamati za wazee zilikaa kijiji kwa kijiji kusikiliza nani aandikwe kwenye daftari. Mambo yaliyokuwa yamelala kwa vizazi yaliamka. Kuna walioondoka na hati, wakawa wenye nchi kwa karatasi ya serikali, na kuna walioondoka na kesi zilizorithiwa na wajukuu. Na kila uchaguzi ukikaribia kuna mwanasiasa atakayelitupa neno jadak jukwaani, akijua wapi litauma.

3. Walioondoka nao ni sehemu ya habari

Wakisii husimulia kwamba babu zao waliwahi kukaa Goye, pwani ya Yimbo, kisha sehemu za Kisumu hii hii, kisha nyanda za Kano. Shinikizo la Wajaluo waliokuwa wakiongezeka lilikuwa moja ya mambo yaliyowasukuma kwenda mbele. Walipofika Kabianga baridi iliwapiga, mifugo ikafa na mazao yakashindwa, kabla hawajatulia katika nyanda za juu walizo nazo leo. Kwa hiyo waliotangulia katika nchi hii walikuwa na njia mbili: kupanda milimani na kubaki na lugha yao, au kubaki ziwani na kuipoteza. Nikipita Ahero, katika nyanda hizo za Kano, kwenye mashamba ya mpunga huwa nalikumbuka hilo.

4. Kuta hurithiwa bila wosia

Kama hujafika Thimlich Ohinga, tenga siku uende. Iko kaunti ya Migori, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, na tangu 2018 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuta zake zimejengwa kwa mawe matupu, bila udongo wala chokaa, kimo cha mita 1.5 hadi mita 4 na zaidi, na unene wa mita moja hivi. Inakadiriwa zilianza kujengwa karne ya 16. Mawe makubwa yako nje na ndani, na yale madogo yamejazwa katikati yakashikilia yote. Lango ni jembamba na fupi, unaingia umeinama. Adui aliyeinama hawezi kuinua ngao. Ndani kuna mahali palipofuliwa chuma, mawe yaliyochimbika kwa kusagia nafaka, na mwamba wenye vishimo vya bao.

Nilitia vidole kwenye vishimo vile. Walioketi hapo wakisukuma kete waliongea lugha gani? Maboma yenyewe yanaitwa Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch, majina ya Kijaluo, kwa kuwa familia za Kijaluo zilikaa humo hadi katikati ya karne ya 20. Lakini historia ya eneo inaonyesha Wabantu na Waniloti wakipokezana humo, kila kundi likitengeneza kuta za waliotangulia na kuongeza zake. Na maboma ya namna hiyo ni mengi: mamia yamehesabiwa kusini mwa Nyanza, na upande wa Ugenya na Alego yako mahandaki na kuta za udongo zinazoitwa gunda buche.

Nilichojifunza pale ni hofu. Mtu habebi mawe yote yale kwa kupenda ujenzi. Zama zile, kusini mwa Nyanza na upande wa Ugenya na Alego, watu walilala ndani ya kuta kwa sababu ng'ombe waliibwa na vijiji viliunguzwa. Hofu hiyo ilikusanya watu wa asili tofauti ndani ya lango moja. Mkilinda ng'ombe pamoja usiku, lugha inayotumika kutoa tahadhari inakuwa lugha ya wote, na ni rahisi kuona ni ya nani: ya wale wengi.

5. Lugha iliingilia jikoni

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na ndipo vitabu vyetu vya shule vinapopita haraka mno.

Tulinganishe na Uingereza, iliyotekwa na Wanormani mwaka 1066. Kiongozi wao, William, aligawa nchi kwa watu wake, na kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kinaonyesha kwamba ndani ya miaka 20 tu karibu mabwana wakubwa wote wa ardhi walikuwa wageni. Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama. Hata hivyo mwaka 1362 ilitungwa sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza. Mshindi alipata ardhi yote, akapoteza lugha. Ziwani kwetu imekuwa kinyume: lugha ya aliyekuja ndiyo iliyobaki, na Olusuba, lugha ya Abasuba, imo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini.

Tofauti ni nini? Wanormani walikuja wachache, wanaume wa vita, wakakaa ngomeni juu ya watu wengi waliobaki na ndimi zao. Wajaluo walikuja na wake, watoto na ng'ombe, wimbi baada ya wimbi, wakajenga mlango kwa mlango na waliotangulia. Hawakukaa juu yao. Walikaa kando yao, wakashiriki kisima, soko na pwani. Na wakaoana.

Wengi hudhani kwamba lugha hufa pale binti wa walioshindwa anapochukuliwa na mshindi. Kwa Abasuba mambo yalikwenda pia kwa njia nyingine, na Abasuba wenyewe husimulia hivyo: wanaume wao walioa mabinti wa Kijaluo. Kulikuwa na fahari ndani yake, na faida. Ukiwa na wakwe Karachuonyo au Uyoma una mahali pa kukimbilia njaa ikija, una wajomba wa kuwatetea wanao, na una mkondo wa ng'ombe wa mahari. Bibi harusi akaja Mfangano na Rusinga na lugha yake, akapika nayo, akabembeleza nayo.

Bibi mmoja wa Sena, aliyekuwa akianika omena juu ya nyavu tulipomkuta, nilimwuliza kwa nini yeye, binti wa ukoo mkubwa wa Kisuba, alikulia katika Dholuo. Hakuacha kazi. "Nyakwara," aliniita, mjukuu wangu, "mama yangu alitoka Karachuonyo. Ulitaka aninyonyeshe kwa lugha ya nani?" Baba yake, aliendelea, aliongea Olusuba na ndugu zake wakiwa mtumbwini au kwenye mambo ya ukoo. Watoto waliisikia ikipita juu ya vichwa vyao. Wakajua maneno ya kuvulia na ya kuapia, hawakujua ya kusimulia ndoto.

Sijasikia jibu bora zaidi, wala kwenye kitabu. Nasaba zetu zinahesabu akina baba peke yao, tena kwa ufasaha, hadi kizazi cha 10 na zaidi. Waliobadilisha jamii hii ni akina mama, na majina yao hayapo kwenye hesabu.

6. Kilichobaki kilimaliziwa na chifu, mishonari na mbung'o

Kuna Abasuba wanaowalaumu Wajaluo kwa kila kitu. Siungani nao. Kufikia mwisho wa karne ya 19 Olusuba ilikuwa bado inaongewa visiwani, Gwassi na Kaksingri. Iliyoivunja mgongo ni karne ya 20.

Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu, mwezi Desemba 1901. Tarehe 1 Aprili 1902 eneo hili lilihamishwa kutoka Uganda likawa chini ya himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na mpaka ukapita ziwani, kati ya Abasuba na ndugu waliowaacha ng'ambo. Wakati huo huo malale, yanayoenezwa na mbung'o, yalikuwa yakiua watu kwa wingi katika pwani zote mbili za ziwa. Vijiji vilihamwa, bonde la Lambwe likawa pori, na waliosalia wakajipachika kwa majirani waliokuwa na nguvu. Watu wachache waliotawanyika hawawezi kulinda lugha.

Kisha zikaja shule. Mwaka 1906 Waadventista, wakiongozwa na Arthur Carscallen, walifungua misheni Gendia karibu na Kendu Bay. Mwaka huo huo Waanglikana wakaanza Maseno. Wamishonari walihitaji lugha moja ya kuchapia, wakachagua Dholuo. Sarufi, nyimbo za kanisani, masomo ya awali, vyote vikatoka kwa Dholuo. Mtoto wa Rusinga aliyetaka kusoma alijifunza kusoma kwa Dholuo, na aliyebatizwa alibatizwa kwa Dholuo. Serikali nayo ilitaka makabila machache yenye majina yanayoeleweka, machifu wachache na karani mmoja wa kutafsiri. Abasuba wakaandikwa Wajaluo. Olusuba haikupata Agano Jipya lake mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakati wasomaji wake wengi walikuwa tayari wazee.

Nayaeleza haya kwa uzito kwa kuwa yanabadilisha hukumu. Kwa vizazi vingi vya ujirani, ndoa na vita vidogo, watu walikuwa na lugha mbili mdomoni. Miaka 60 ya ofisi na darasa ilitosha kuwabakishia moja.

7. Mwili nao ulibadilishwa

Abasuba walitahiri wavulana wao. Wajaluo hawakutahiri, wao waling'oa meno sita ya chini, na kijana asiyeng'olewa alihesabiwa bado mtoto. Kadri koo za Kisuba zilivyoingia katika Ujaluo, jando lilififia katika sehemu nyingi na meno yakaanza kung'olewa. Baadaye kanisa na shule vikaua desturi ya meno nayo.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna mzee aliyelitabiri. Kati ya 2002 na 2006 vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walishiriki utafiti wa tohara na UKIMWI hapa Kisumu. Matokeo yalionyesha kwamba tohara ilipunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu, kiasi cha asilimia 53. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2007, na kuanzia 2008 kampeni ikaenea Nyanza nzima, hema kwa hema, huku wazee wa Kijaluo wakijadili vikali kama ni halali kubadilisha mila. Mwanafunzi wangu mmoja mwenye asili ya Gwassi alitahiriwa kliniki, na babu yake akalia machozi aliposikia. Babu yule ndiye aliyekuwa wa kwanza katika nyumba yao kuachwa bila kutahiriwa, baba yake akitaka asichekwe na wenzake.

8. Aliyeshinda hakubaki alivyokuwa

Wajaluo waliotua Got Ramogi walithamini ng'ombe kuliko kitu kingine chochote. Wajukuu zao ziwani wakawa wakulima kadri ardhi ilivyobanana, na sotoka ya miaka ya 1890 ilipofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki nzima, jembe na nyavu vikazidi kushika nafasi. Koo nyingi zinazojiita za Kijaluo leo, hasa Alego, Gem, Ugenya na pwani yote ya kusini, zina chimbuko la Kibantu, na wazee wakiwa na wewe faraghani hawalikatai. Mvua ilipogoma, Wajaluo wa upande wa Maseno walipeleka zawadi kwa wanamvua wa ukoo wa Nganyi, Bunyore, Wabantu watupu, ambao siku hizi hushirikiana hata na Idara ya Hali ya Hewa kutabiri misimu.

Na ukitembea Rusinga utaona alama zenyewe. Waware, Wanyama: majina yaliyoanza Kibantu na kubaki hivyo. Kaswanga, Kamasengre: majina ya Kibantu yaliyovishwa "Ka" ya Kijaluo mbele. Katika makumbusho ya Kisumu kuna boma la mfano, Ber gi dala, lililojengwa kuonyesha mji wa Kijaluo: nyumba ya mke mkubwa inayotazama lango, ya mke wa pili, na simba, yaani nyumba ya kijana. Huwapeleka wanafunzi huko kila ninapoweza na kuwauliza akina mama wa nyumba zile walitoka wapi. Hapo ndipo somo huanza.

9. Jina hurudi kabla ya lugha

Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga baada ya kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, alikuwa wa asili ya Kisuba, na Kenya nzima ilimlilia kama Mjaluo. Hayo mawili hayakugombana wakati ule. Tangu miaka ya 1990, ilipoundwa wilaya ya Suba, jina lenyewe limerudi kwa nguvu. Leo kuna maeneo bunge ya Suba Kaskazini na Suba Kusini. Sensa ya 2019 iliandika Abasuba zaidi ya 150,000 kando ya Wajaluo milioni 5. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inalitaka taifa likuze na kulinda lugha zote za watu wake.

Kuna wanaosema jina limerudi kwa sababu ya kura na bajeti. Inawezekana, na haliniudhi. Abasuba wa zamani waliacha jina kwa sababu ya ardhi, kwa nini wajukuu wasilirudishe kwa sababu ya barabara? Kinachoniumiza ni kwamba wengi kati ya hao 150,000, mimi nikiwamo, hujitangaza Abasuba kwa Dholuo. Makumbusho ya amani ya Abasuba yapo Mfangano, redio ya EK FM inarusha vipindi vya Olusuba kutoka kisiwani humo, na baadhi ya shule za msingi zimeifundisha tangu miaka ya 1990. Juhudi hizo zinastahili fedha zaidi kuliko zinazopata. Lakini zinategemea kitu kimoja ambacho fedha haileti, yaani wazee wanaoijua lugha, na kila mwaka tunawazika.

Kwa hiyo nina ombi kwako msomaji, hasa kama ukoo wako ni wa ziwani, Mjaluo au Msuba au hujui. Likizo ijayo ukienda nyumbani, kaa na bibi au babu, washa simu, rekodi. Usiishie kuuliza babu wa babu yake alikuwa nani. Hiyo atakutajia bila kupumua. Muulize mama yake alitoka wapi. Muulize mama wa mama yake, na bibi wa baba yake, waliolewa kutoka wapi, walikuja wakiongea lugha gani, na ni nyimbo gani walizowabembelezea watoto. Andika majina yao yote, pamoja na kijiji walichotoka, kisha mpe nakala mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nawe.